Motokaa ya Familia Singida: Raha Iko Kitini au Kwenye Tairi?

Asubuhi ya Jumamosi, katika gereji moja ya mjini Singida, Toyota Mark II nyeupe, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu tangu iteremshwe melini Dar es Salaam, imeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya mbele yamevuliwa, na chini yake fundi amelala chali juu ya kipande cha boksi akichungua bushi zilizopasuka. Ilhali mwenyewe, mtumishi wa serikali anayekusudia kuwapeleka mkewe na watoto wanne harusini Iramba, amesimama kando na mipira miwili mieusi mkononi, akitaka afungiwe spesa ili gari lipande juu.

Fundi hataki. Kwa rai yake, gari hilo halikuumbwa fupi kiasi hicho, bali limeshuka kwa uchovu wa springi na shokapu, na kulipandisha kwa spesa ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya. Mwenye gari naye ana hoja yake: shokapu nne ni fedha nyingi, spesa ni fedha kidogo, na tuta lililoko mbele ya nyumba yake halingoji mshahara.

Mabishano ya namna hii husikika katika gereji za mkoa huu kila mwisho wa juma, na chini yake limo suala zito kuliko mipira miwili. Je, motokaa ya familia, ile ya milango minne yenye buti nyuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya lami laini ya Japani, inaweza kumpa raha mtu wa Singida, au raha hiyo ni ya kuangaliwa tu inapokuwa imeoshwa na kuegeshwa?

Zama za Peugeot

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1960 na 1970 hawalioni suala hili kuwa jipya, kwa sababu motokaa ya hadhi ya zama zao, Peugeot 404 na baadaye 504, ilikuwa ya kifamilia kadhalika, lakini springi zake zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu, tumbo lake lilikaa mbali na ardhi, na ushahidi wa ustahimilivu wake haukuwa maneno ya muuzaji bali mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ambayo 404 iliyatwaa mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ushindi wa 1966 na wa 1967 ukiletwa na dereva wa kutoka Tanzania, Bert Shankland.

Lakini motokaa zile zilikuwa chache, na aliyekuwa nayo alijulikana wilaya nzima. Mlango ulifunguka mwaka 1984, Serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje kwa fedha hizo, na katika miaka iliyofuata bandari ya Dar es Salaam ikazoea kupokea magari yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo, kwa bahati yetu, huendesha upande wa kushoto kama sisi na kuweka usukani kulia.

Sababu ya Wajapani kuziacha motokaa zikiwa bado na afya si ukarimu. Sheria ya kwao huitaka gari ndogo ya binafsi ikaguliwe inapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo, zikijumlishwa na kodi zinazoandamana nao, humfanya mwenye gari lililoanza kuzeeka aone afadhali kuliuza kuliko kuendelea kulilea.

Ndivyo ilivyotufikia Mark II, jina lililoanza mwaka 1968 likiwa Corona Mark II. Toleo lake la mwisho, lililotoka Oktoba 2000 na ambalo watu wetu huliita Grand, likatengenezwa mpaka Mark X iliposhika nafasi yake Novemba 2004 na kudumu hadi Desemba 2019. Na kwa wale wanaotaka utulivu wa gari kubwa bila mzigo wa injini kubwa, ilikuja Premio, ambayo kwa sura yake ya kwanza, ukiiondoa ile Corona Premio iliyoitangulia, ilianza Desemba 2001, ikabadilishwa mwaka 2007, na ikaacha kutengenezwa mwaka 2021.

Ukimya na hatari yake

Mwenye Mark II akiulizwa sababu ya kuipenda, aghalabu haanzi na sura wala hadhi, bali huanza na ukimya. Injini yake ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,988, hujisawazisha yenyewe kwa dhati ya maumbile yake, kwa kuwa msukumo wa silinda hii hutulizwa na wa silinda ile, hata mtikisiko unaomfikia abiria ukawa mdogo mno; na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma na ya mbele yana kazi ya kuongoza tu, usukani hautetemeki mkononi.

Faida ya hayo huonekana katika safari ya Dodoma, kilomita zipatazo 240 kupitia Ikungi na Manyoni, ambayo mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno huweza kuisafiri katika siti pana za velveti akashuka kama aliyekuwa ameketi sebuleni.

Ila ukimya huo una mitego yake. Dereva asiyesikia injini hasikii mwendo, na kijiji cha Issuna au Puma humkuta angali kasi ya porini, ilhali kikomo katika makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Hapo hukutana na askari mwenye tochi, na faini ya shilingi 30,000 humkumbusha kwamba starehe nayo ina risiti.

> Dereva asiyesikia injini hasikii mwendo, na kijiji humkuta angali kasi ya porini.

Tena kuna vikorombwezo ambavyo Mjapani alivilipia na Mnyaturu amevirithi bila kuviomba. Kando ya gia ya Mark II nyingi kipo kitufe kilichoandikwa SNOW, cha kuendeshea katika theluji, ambacho katika mkoa huu wa mawe na upepo hakitapata kazi yake mpaka Kiyama, ingawa wapo madereva waliogundua kwamba hulifanya gari liondoke kwa upole na kwa hiyo hukibonyeza wakati wa tope, na kwa hakika si wajinga, maana utelezi ni utelezi.

Kipo pia kisanduku cha kulipia barabara za Japani, ambacho kila ufunguo unapozungushwa hutoa sauti ya bibi mmoja mwenye adabu akieleza kwa Kijapani kwamba kadi haijachomekwa, na watoto wa Singida wameshaihifadhi hotuba hiyo yote bila kujua maana yake. Redio nayo huanzia mawimbi ya 76 na kukomea 90, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo hazipatikani mpaka fundi aongeze kifaa cha kugeuza mawimbi. Na skrini ya ramani huendelea kuonyesha kwamba gari liko mahali fulani Japani, hali wewe umeegesha ukingoni mwa Ziwa Singidani.

Hayo yote ni burudani. Hayamwongezei abiria raha wala hayampunguzii, na anayelipa bei ya juu kwa sababu ya skrini hiyo amenunua pambo.

Nani anakaa katikati?

Raha ya dereva ni jambo moja na raha ya aliyekaa siti ya nyuma katikati ni jambo la pili, na huyu wa pili aghalabu haulizwi wakati wa kununua. Mark II na Mark X, kwa kuwa husukumwa na magurudumu ya nyuma, zina shafti inayopita chini katikati, na ili kuipisha, sakafu imetuna kama mgongo wa ng'ombe. Mtoto anayekaa hapo hana pa kuweka miguu ila aitandaze huku na huku, na baada ya saa moja wote watatu wa nyuma wanagombana.

Premio husukumwa na magurudumu ya mbele, haina shafti hiyo, sakafu yake imekaribia kuwa sawa, na egemeo la siti ya nyuma huweza kulazwa kidogo ili bibi apumzishe mgongo. Kwa familia yenye watoto watatu na bibi mmoja, tafauti hiyo ndogo ina thamani kuliko ngozi na nakshi za mbao zilizoko mbele.

Katika buti, hata hivyo, aina zote mbili huungana dhidi ya mahasimu wao. Hakuna anayetoka Singida kwenda kusalimia ndugu Dar es Salaam mikono mitupu: hubebeshwa kuku wa kienyeji, dumu la mafuta ya alizeti, na kiroba cha vitunguu kutoka soko la Misuna. Katika Noah au Probox mzigo huo hupumua hewa moja na abiria, na mtu hufika mjini akinuka sokoni. Katika motokaa ya buti umetengwa na ukuta wa siti, na harufu yake hubaki huko huko nyuma. Wanawake ambao ndio hufunga mizigo hiyo na ndio hushuka na nguo za ukweni wameliona jambo hili zamani, na kama wangekuwa wao waandikao matangazo ya magari, lingekuwa la kwanza.

Vumbi na kichujio kilichosahauliwa

Singida ni nchi kavu. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi jekundu linaloinuka nyuma ya kila lori liendalo vijijini. Hapa ndipo kiyoyozi kinapoacha kuwa anasa na kuwa sharti, kwa maana huwezi kufungua kioo.

Malalamiko makubwa ya wenye magari haya ni kwamba kiyoyozi kimekufa, na wengi huenda moja kwa moja kuongeza gesi. Lakini katika Premio na katika Mark II za toleo la mwisho kipo kichujio cha hewa kilichofichwa nyuma ya sanduku dogo lililo mbele ya abiria, ambacho hutolewa kwa mkono bila spana, na ambacho katika motokaa nyingi hakijaguswa tangu Japani. Kichujio kilichojaa vumbi la miaka huziba njia, feni huunguruma bure, baridi haitoki, na fundi asiyekijua humuuzia mteja gesi asiyoihitaji.

Kuna pia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kibonyezwe gari linapokuwa nyuma ya lori, kiachiliwe njia inapokuwa nyeupe ili abiria wasisinzie kwa hewa nzito. Raha hii haigharimu senti.

Tumbo linapogusa tuta

Turudi kwenye spesa. Motokaa za aina hizi, zikiwa mpya na tupu, huacha kati ya sentimita 15 na 16 hivi baina ya tumbo na ardhi. Watie watu watano, madumu mawili ya mafuta na kuku, nazo springi ziwe na umri wa miaka ishirini, na kipimo hicho kinapungua kiasi cha sampu ya oili kulamba kila tuta lililojengwa na mtu asiyekuwa na kipimo.

> Watu hununua redio kabla ya bushi, kisha huilaumu motokaa.

Wanaotetea spesa husema kwamba bila hizo hawangefika vijijini mwao, na kusema kweli baadhi yao hawangefika. Wanaozipinga husema kwamba spesa haiongezi ulaini wowote: hulipandisha bodi, huku springi ikibaki na uchovu wake, hubadili pembe ya boljointi, na katika Premio pembe ya shafti za magurudumu ya mbele, ambazo huanza kulia zikikata kona, huipandisha taa ikammulika machoni anayekuja, na huliinua gari juu kiasi cha kuyumba katika upepo wa uwanda wa Manyoni. Nawaunga mkono hawa wa pili, kwa sharti moja: atakayemkataza mtu spesa amwambie bei ya springi mpya, asimwachie nasaha tupu.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni tairi. Mark II nyingi huvaa tairi iliyoandikwa 195/65 yenye rimu ya inchi 15, na namba hiyo ya pili maana yake ni kwamba kimo cha ukuta wa mpira ni asilimia 65 ya upana wake, yaani karibu sentimita 13 za mpira na hewa kati ya rimu na jiwe. Kijana akiipenda rimu ya inchi 18 na kuifungia tairi ya 225/45, ukuta huo hushuka mpaka kama sentimita 10, na zile mbili na nusu hivi zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza changarawe. Kisha huenda kwa fundi kulalamika kwamba shokapu ni ngumu.

Mafuta, kodi na mtaji wa nyumbani

Hapa ndipo mke na mume hutofautiana. Mark X ya lita 2.5 ni gari la haiba, lakini kodi za Tanzania hazipendi haiba: ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000 umezoeleka kuwa asilimia 5, na ikivuka 2,000 huwa asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Kwa kuwa Mark II mpya kuliko zote ni ya mwaka 2004, kuagiza nyingine leo ni kulipa adhabu ya uzee, na ndiyo maana wengi hununua za mkononi, za namba B au C, ambazo kodi yake ilishalipwa na mtu mwingine.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo mwenye silinda 6 hulipa zaidi ya mwenye Premio ya silinda 4 na sentimita za ujazo 1,794 kila anapofungua kifuniko cha tangi. Tangi la Mark II huchukua lita 70 na la Premio 60. Wenye Mark II husifu kwamba tangi lao ni kubwa, nami sijui kama hiyo ni sifa au ni kukiri.

Tena Mark II ya toleo la mwisho yenye lita 2.5 isiyo na tabo, na Mark X, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, mfumo ambao mafundi wetu huuita D-4. Hupendeza ukiwa safi, lakini huchukia mafuta machafu yanayouzwa kwa madumu, huotesha masizi kwenye vali, na pampu yake haipatikani katika kila duka la spea. Kwa mtu aishiye Itigi au Nduguti, umbali wa spea ni sehemu ya bei.

Mteremko wa Sekenke

Anayetaka kujua gari lake lina hali gani alipakie familia na ateremke Sekenke kuelekea Shelui, mahali ambapo zamani palichimbwa dhahabu, nayo dhahabu ya huko ndiyo Wajerumani waliyoifulia sarafu zao Tabora mwaka 1916. Huko chini limetandaa bonde la Wembere, ambalo masika huwa tope jeusi ambamo gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma hulala na kuzunguka mahali pamoja. Lakini kabla ya tope ni mteremko, na katika mteremko raha hugeuka kuwa breki.

Dereva wa gia ya otomatiki anayeiacha kwenye D na kukanyaga breki kutoka juu mpaka chini hufika akinusa harufu ya kuungua. Anayeirudisha gia chini mapema, injini ikashika gari, hufika na breki zenye nguvu na abiria wasiojua kwamba palikuwa na mlima. Hilo nalo limo katika starehe, ijapokuwa halimo katika tangazo lolote.

Hukumu

Kwa yule ambaye maisha yake yako kwenye lami, kutoka Singida mjini hadi Manyoni, Dodoma na kwingineko, na ambaye anaweza kuimudu petroli, Mark II ya lita 2 yenye bushi nzima na tairi ya ukuta mrefu ni motokaa ya raha kuliko nyingi zilizo ghali kuipita. Kwa familia ya watoto watatu, shule moja na shamba moja lililo mbali na lami, Premio ya lita 1.8 inatosha, na fedha itakayobaki iingie kwenye shokapu kabla ya redio. Mark X naiona ni gari zuri la mtu mwenye gari la pili. Na anayekaa ng'ambo ya Nduguti, ambako masika hufunga njia, aachane na hizi zote na atafute gari la juu, wala asione haya.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afanye jambo moja lisilohusiana na ulaini wa siti. Mamilioni ya magari duniani, yakiwamo ya Toyota, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka na huweza kupasuka na kurusha vyuma usoni mwa dereva. Na magari mengi yamehama Japani kabla ya kubadilishiwa. Namba ya chesisi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ichukue, uipeleke kwa wakala wa Toyota au uiingize katika tovuti ya Toyota ya Japani, na ujue kama gari hilo lilibadilishiwa mifuko hiyo au bado, kabla mtoto hajakaa siti ya mbele.